Shajara ya mradi: matembezi ya hisani, kupima selimundu na kuchangia damu, Igoma hadi Nyakato, Mwanza (2024)

Sisi ni kikundi cha VICOBA (cha kuweka na kukopeshana) cha Igoma. Tumeandika haya kila hatua ilipokamilika, ili kikundi kingine kikitaka kufanya jambo kama hili kisianzie gizani. Bei ni za Mwanza, mwaka 2024. Mambo yaliyokwenda vizuri tumeyapitia haraka. Yaliyotusumbua tumeyaeleza kwa urefu.

2 Machi. Wazo

Kwenye kikundi kuna akina mama wawili wenye watoto wa selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu), na kila mtoto akilazwa simu zinaanza: nani ana damu, nani yuko tayari kwenda kumchangia. Ndipo wazo lilipozaliwa.

Pendekezo la kwanza lilikuwa twende wodini na sabuni, sukari na pampasi, tupige picha, turudi. Sista anayetushauri (ni muuguzi wa zahanati ya jirani, naye ni mwanachama) alilikataa palepale. Alisema mtoto wa selimundu hakosi sukari. Anachokosa ni vidonge vya penisilini, ambavyo anapaswa kumeza asubuhi na jioni mpaka afike miaka 5, foliki (vidonge vya kusaidia mwili kutengeneza damu) ya kila siku, chandarua, na bima itakayomfikisha kliniki kabla hajazidiwa. Na kabla ya hayo yote, anakosa mtu wa kumpima. Wengi hujulikana wakiwa tayari wameshavimba mikono na miguu au wameshaishiwa damu mara kadhaa, huku nyumbani wakitibiwa malaria tu.

Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi. Sababu ni malaria. Anayebeba kinasaba kimoja cha selimundu (AS) hapati malaria kali kirahisi kama wengine, kwa hiyo kwa vizazi vingi kinasaba hicho kimedumu penye mbu wengi.

Tukakubaliana mambo matatu: kupima watoto chini ya miaka 5, kukusanya damu, na kutafuta pesa za kukatia familia bima ya CHF (mfuko wa afya ya jamii) iliyoboreshwa. Bima hiyo wakati huo ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Lengo la makusanyo: milioni 6.

23 Machi. Vibali

Njia ni moja: mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata, kisha mganga mkuu wa jiji kwa upande wa upimaji na polisi kwa upande wa matembezi. Polisi wanataka taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla. Msiende na saa 48 zenu mkononi. Pelekeni wiki tatu kabla, maana mkiambiwa mbadilishe njia mnahitaji muda. Sisi tuliambiwa tusishike barabara kuu ya Musoma yote, tupite pembeni upande mmoja na trafiki awe mbele.

Barua yetu ya kwanza ilirudishwa kwa sababu iliandikwa "kuchangisha fedha" bila kuambatanisha cheti cha usajili wa kikundi wala katiba. Tuliporudi na nakala zenye muhuri, hakuna aliyetuuliza kitu tena.

6 Aprili. Tarehe yabadilika

Tulichagua Jumamosi ya Juni 15 kwa mahesabu mazuri: Juni 14 ni Siku ya Wachangia Damu Duniani, Juni 19 ni Siku ya Selimundu Duniani, sisi tukae katikati. Kilichotuponyoka ni kalenda ya Kiislamu. Imamu wa msikiti wa jirani ndiye aliyetuambia: "Wanangu, Idi ya kuchinja inaangukia hapohapo, tarehe 16 au 17. Mtaona viti vitupu." Na timu ya kukusanya damu nayo ratiba yake ilikuwa imeshajaa wiki ile yote, kila taasisi inaitaka kwa ajili ya tarehe 14.

Tukasogeza hadi Juni 22. Kumbe tulipata faida mbili. Shule zimefungwa, kwa hiyo uwanja wa shule ya msingi na madarasa tukapewa bure, tukalipia usafi na mlinzi tu (50,000). Pia shule zikifungwa wanafunzi wa sekondari, ambao huchangia damu kwa wingi, wanakuwa hawapo, na benki za damu hukauka. Damu ya mwishoni mwa Juni inahitajika kuliko ya tarehe 14, siku ambayo kila mtu anachangia na kupiga picha.

27 Aprili. Kadi za michango na namba ya simu

Tulichapisha kadi kama za harusi, maana watu wa hapa wanazijua na hawaulizi maswali. Kila mwanachama kadi kumi. Kosa likawa kuweka namba ya simu ya mweka hazina kuwa ndiyo ya kupokelea pesa.

Mama mweka hazina ni mwaminifu kuliko wengi wetu. Lakini ndani ya wiki moja maneno yalishaanza: simu ni yake, salio anajua yeye, na mumewe kanunua pikipiki (pikipiki ya mkopo, ya tangu Januari). Akatishia kujiuzulu, na alikuwa na haki. Tulichofanya: tukafungua lipa namba kwa jina la kikundi. Ilihitaji TIN na kutuchukua siku kadhaa za kuzunguka, ila ilimaliza maneno. Kila Jumapili jioni katibu anatuma kwenye grupu la WhatsApp picha ya taarifa ya miamala, majina ya wachangiaji yakiwa yamefunikwa na tarakimu za mwisho za simu zikionekana. Anayetaka kujua kama pesa yake imefika anaangalia tarakimu zake.

Michango ya Ramadhani na wiki ya Idi el-Fitri ilikuwa hafifu. Hatukupaswa kupanga kuanza kuchangisha Machi.

18 Mei. Fulana

Hapa ndipo pesa zilipotaka kupotelea.

Vijana wa kamati walisema bila fulana hakuna matembezi. Tukaagiza 120, rangi ya damu ya mzee, ambayo ndiyo hutumika duniani kwa selimundu, kwa 11,000 moja. Jumla 1,320,000, nusu mbele. Tuuze 15,000, faida 4,000 kila moja. Karatasini inapendeza.

Mchapishaji (hatumtaji) alileta za saizi moja karibu zote, L na XL, kwa sababu ndizo alizokuwa nazo stoo. Nusu ya watembeaji wetu ni wanafunzi na akina mama wembamba. Tena maandishi ya mgongoni yalibanduka kwenye fulana ya majaribio tuliyoifua kwa maji ya uvuguvugu. Alikubali kurudia maandishi, saizi akakataa. Tulikuwa hatujaandikiana saizi popote. Tulisema kwa mdomo.

Pesa ya malipo ya awali, 660,000, ilitoka kwenye kadi za michango, yaani pesa ya bima za watoto ikawa imekaa kwenye fulana kubwa. Baada ya hapo tukapitisha kanuni: hakuna fulana bila malipo kwanza na saizi yake kuandikwa daftarini. Asiyetaka fulana anafunga utepe wa kitambaa rangi ileile mkononi. Akina mama wa cherehani walishona tepe hizo kwa vipande vya bure, na siku ya siku zilionekana nyingi kuliko fulana.

Mkituuliza: anzeni na tepe. Fulana ziwe za waliolipa tu.

8 Juni. Vitendanishi na ahadi

Vipimo vya haraka vya selimundu tulivipata kwa 8,500 kimoja, tukanunua 100 (850,000). Ni tone la damu ya kidole, jibu baada ya dakika chache, na kinatofautisha AA (asiye na kinasaba cha selimundu), AS (anayebeba kimoja, si mgonjwa) na SS (mwenye viwili, yaani mgonjwa). Mganga mkuu wa jiji alitaka kuona namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, na akaagiza kila SS irudiwe maabara ya hospitali kabla familia haijaambiwa ndilo jibu la mwisho. Ni agizo zuri, lipangieni pesa ya nauli.

Ahadi zimefika 5,150,000. Zilizolipwa ni 1,900,000. Pengo hilo ni la kawaida kwenye harusi pia, ila harusi ina aibu yake: huwezi kula pilau bila kulipa kadi. Hapa hakuna pilau. Tukagawana majina ya walioahidi, kila mmoja watu wake, apige simu na kupendekeza kiasi kidogo cha leo badala ya ahadi yote. "Dada, hata elfu tano ya leo" ilileta zaidi ya kumbukumbu zote tulizotuma kwa ujumbe. Wiki mbili baadaye tulikuwa 2,380,000.

22 Juni. Siku yenyewe

Matembezi yalianza saa 1:40 badala ya saa 1:00, trafiki akiwa mbele kama tulivyokubaliana, gari la matangazo nyuma. Tukafika Nyakato saa 3 kasoro. Hili lilikwenda sawa, halina hadithi.

Hadithi ni ya uji. Kwenye tangazo la spika, siku mbili mfululizo, sauti ilisema "njoni mpime afya bure". Mtaani kwetu kupima afya ni kupima sukari, na sukari unapima na njaa. Watu wakaja hawajaweka kitu tumboni tangu jana, wakatembea kilomita kadhaa juani, wakapanga foleni ya kutoa damu. Mtaalamu wa kwanza alipouliza kijana wa kwanza "Umekula nini asubuhi?" akajibiwa kwa kujiamini kabisa, "Sijala, dokta, nimefuata maelekezo." Nyuma yake foleni nzima ikaitikia kwa kichwa: nao wamefuata maelekezo.

Mtu asiyekula hachangii, anaweza kuanguka. Kwa saa nzima vitanda vilikuwa vitupu na foleni imejaa. Kilichotuokoa ni mama lishe wa getini, aliyekuwa na sufuria moja ya uji wa ulezi na maandazi ya kuuza. Tukanunua vyote, akatuma binti akalete sufuria nyingine mbili. Watu wakakaa kwenye kivuli cha mwembe, kila mmoja na kikombe cha plastiki na andazi, dakika arobaini hivi, halafu wakarudi kwenye foleni. Bajeti ya vinywaji ya 180,000 ikawa 285,000. Tangazo lijalo litasema wazi: kula, kunywa maji mengi, ndipo uje kuchangia.

Masharti ya kuchangia yaandikwe pia kwenye bango, siyo yasubiriwe mezani: umri wa miaka 18 hadi 65, uzito wa kilo 50 na zaidi, wingi wa damu (himoglobini) usiopungua gramu 12.5 kwa desilita. Waliojiandikisha walikuwa 88, wakachangia 57. Wengi waliorudishwa ni akina mama wenye damu pungufu, na tulifanya vibaya kuwaacha waondoke hivihivi. Mchana ndipo sista alipoweka meza ya kuwaelekeza zahanati.

Kwenye upimaji tatizo lilikuwa jingine. MC alianza kusoma majina ya watoto ambao majibu yao yapo tayari. Hakusoma majibu, majina tu. Lakini wazazi walioitwa mara ya pili "mje kwa sista chumbani" walitazamwa na uwanja mzima. Mama mmoja alimfunika mtoto khanga na kutoka getini bila kufika chumbani. Baada ya hapo tukafuta majina, tukatoa vikaratasi vya namba, na *kila* mzazi, mwenye jibu zuri na mwenye jibu baya, akapita chumba kilekile kwa muda uleule. Inachelewesha, ila hakuna anayejua nani kaambiwa nini.

Darasani sista hakutumia chati. Alikuwa na maharage kwenye sahani mbili, mekundu na meupe. Sahani ya baba ina jeupe moja na jekundu moja, ya mama vilevile. Mzazi anafumba macho, anachukua moja kutoka kila sahani: huyo ni mtoto. Anarudisha, anachukua tena: mtoto wa pili. Akipata mekundu mawili, ni SS. Watu walielewa haraka kwamba ni robo *kwa kila mimba*, siyo kwamba ukishapata mmoja mgonjwa watatu wanaofuata wamesalimika. Bibi mmoja alichukua mekundu mawili mara tatu mfululizo, akaweka maharage chini na kusema, "Basi mwanangu hakurogwa."

Baba mmoja alikuwa mgumu. "Sista, mimi niko mzima, hii kitu imetoka kwao." Sista akamsogezea sahani: "Baba, chukua mwenyewe." Alichukua, akanyamaza, akauliza kama naye anaweza kupimwa. Alipimwa peke yake, na jibu akapewa peke yake.

Hili la peke yake tunalisisitiza kwa atakayeiga. Kuna kamati ya jirani ilitushauri tupime familia nzima pamoja na kuwapa majibu kwa pamoja, "uwazi". Sista alikataa kabisa. Mtoto wa SS hupokea kinasaba kutoka pande zote mbili. Ukimpima baba mbele ya mkewe na akatoka AA, umefungua kesi ambayo kikundi cha VICOBA hakiwezi kuifunga, na huenda hata si kama mnavyodhani, maana kuna aina nyingine za kasoro za damu ambazo kipimo cha haraka hakizioni vizuri. Mkubwa hupimwa kwa hiari yake, jibu ni lake.

Tulifunga saa 9. Saa 10 mechi za siku hiyo za michuano ya Ulaya zinaanza kwenye banda umiza la ng'ambo ya barabara, na Ureno wanacheza saa 1 usiku. Kung'ang'ania hadi jioni kungekuwa kupigana na Ronaldo. Harambee ya uwanjani ilileta 640,000 taslimu, ikahesabiwa na watu watatu mbele ya mtendaji wa kata.

Vipimo 6 viliharibika (damu kidogo mno au kimeachwa juani), majibu yakapatikana 94: AA 71, AS 19, SS 4.

6 Julai. Ufuatiliaji

Watoto 4 wa SS: watatu wamerudiwa maabara na kuthibitishwa. Wa nne ni wa yule mama wa khanga. Namba ya simu aliyoandika haipatikani. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anamjua kwa sura, amekwenda mara kadhaa, amemkuta mara moja. Mama amesema atakuja baada ya mavuno. Hatumlazimishi, lakini hatujamfuta daftarini.

Watatu wameanzishiwa penisilini na foliki. Sera inasema watoto chini ya miaka 5 watibiwe bure, na ni kweli kitanda na daktari ni bure. Dawa zikiisha dirishani, unaandikiwa ukanunue nje. Kwa hiyo tumetenga pesa ya dawa.

Kusajili bima kumechukua muda kuliko kukusanya pesa zake. Afisa anasajili kwa simu na anataka picha ya kila mtu wa kaya. Baba yuko kisiwani anavua, mtoto mkubwa yuko bweni, na kaya ya watu saba inaulizwa nani aachwe. Tumepanga siku ya picha Jumamosi, fundi picha mmoja, wote waje na majina yaliyoandikwa kama yalivyo kwenye vyeti vya kuzaliwa.

20 Julai. Hesabu

Mapato: michango ya kadi imefika 3,120,000 (kati ya ahadi 5,150,000, iliyobaki hatuitarajii tena), harambee 640,000, mauzo ya fulana 1,495,000. Fulana 83 ziliuzwa 15,000, nyingine 25 tukazishusha hadi 10,000 baadaye, 12 zikaenda kwa waliojitolea. Jumla 5,255,000.

Matumizi bila fulana ni 2,340,000: vitendanishi 850,000, turubai na viti 350,000, uji na vinywaji 285,000, nauli na chakula cha wahudumu wa afya 240,000, muziki 200,000 na mafuta ya jenereta 45,000, gari la matangazo 160,000, bango 90,000, fomu na vocha 70,000, uwanja 50,000. Fulana 1,320,000. Makato ya miamala 55,000.

Imebaki 1,540,000. Kaya 38 zimekatiwa CHF kwa 1,140,000, na 400,000 ni ya dawa na nauli za kliniki. Lengo lilikuwa milioni 6 mkononi kwa ajili ya bima. Tumepata robo yake. Usumbufu wote wa fulana ulileta 175,000, yaani karibu kaya sita. Muziki na jenereta viligharimu kaya nane. MC alijitolea bure, Mungu ambariki, lakini mwakani spika ya kuazima itatosha.

3 Agosti. Kinachofuata

Wiki iliyopita mtoto wa mwanachama alilazwa tena, na simu zikaanza upya kama vile Juni hatukufanya kitu. Chupa 57 za Juni zilishatumika au zilishaisha muda. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu siku 35 hivi, chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) siku 5 tu. Siku moja kubwa kwa mwaka haimsaidii mtoto wa Agosti.

Kwa hiyo badala ya kupanga matembezi ya mwakani tumegeuza daftari la wachangiaji kuwa zamu. Tumewagawa 57 katika makundi, tumewauliza kundi la damu yao na njia ya kuwapata, na timu ya damu imekubali kupokea watu wachache wachache kituoni kwake badala ya kuja uwanjani. Mwanaume huchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Wanaume wa Juni watakuwa tayari kuanzia Septemba 22, wanawake Oktoba 22. Kundi la kwanza ni madereva wa bodaboda wa stendi ya Igoma. Mwenyekiti wao amesema watakwenda wameshakula.

Gharama ya zamu ya kwanza tunaikadiria nauli na soda tu.